Sanduku la Barua: Binti anapotaka kwenda jeshini

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa mabinti wa Mombasa wanaosubiri usajili wa makuruta wa KDF, yaani Majeshi ya Ulinzi ya Kenya. Tumejibu sita.

Kilo tatu pungufu

*Nina miaka 20, urefu mita 1.62, uzito kilo 47. KCSE nilipata C-. Naambiwa ninywe maji mengi kabla ya kupanda mizani. Yatanisaidia? Binti wa Likoni*

Dada, umri, urefu na gredi havina neno. Matangazo ya miaka ya karibuni yametaka miaka 18 hadi 26, mita 1.60 kwenda juu, gredi ya D au zaidi katika KCSE, mtihani wa kidato cha nne, na kwa wanawake kilo 50. Shida yako ni mizani tu. Lita tatu za maji ni kilo tatu kweli, lakini tumbo hilo hilo utakimbia nalo, na maji utayatapika mbele ya watu. Tena maji mengi hivyo kwa mpigo hushusha chumvi ya damu hata mtu akazirai.

Kilo tatu za haki zataka wiki sita hadi nane. Mwili ukila vizuri huongeza kama nusu kilo kwa wiki. Usiache mlo wako wowote, bali ongeza juu yake mahamri mawili na bakuli la mbaazi za nazi saa nne asubuhi, na gilasi ya maziwa usiku. Kisha nenda kituo cha afya ukapime damu. Hemoglobini ya mwanamke ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita, pumzi itakukatikia mbioni hata ufanye mazoezi vipi. Sisi watu wa pwani tuna tabia ya kushushia chakula kwa chai, na chai huzuia madini ya chuma ya mbaazi na mchicha yasiingie mwilini. Ingoje saa nzima baada ya kula. Kwenye mbaazi kamulia ndimu, yenyewe husaidia. Maini na dagaa pia usivikose.

Mbio zianze sasa, si siku ya tangazo. Anza na kilomita 6 kwa wiki, ukizigawa siku tatu, na kila wiki uongeze sehemu moja ya kumi tu. Wiki ya kumi na mbili utakuwa unafikia kilomita 17. Ni polepole, na ndivyo inavyotakiwa. Pumzi hukua kwa wiki chache lakini mfupa hukawia, kwa hiyo anayejisikia hodari akaongeza mara mbili ndiye anayevunjika. Katika mafunzo ya kijeshi wanawake hupata nyufa za mfupa wa muundi zaidi kuliko wanaume, hasa wanaokula kidogo au ambao hedhi imekatika kwa sababu ya njaa na kazi. Hedhi ikikatika usishangilie kuwa umepumzika, kwani mifupa nayo inapungua nguvu.

Muundi ukiuma, bonyeza kwa kidole kimoja. Maumivu yakienea msuli wote, punguza mwendo siku kadhaa. Yakikaa mahali pamoja, kipande cha ukubwa wa sarafu, na yakikusumbua hata usiku umelala, acha kukimbia kabisa umwone daktari. Picha ya eksirei ya siku za mwanzo huweza isionyeshe ufa, kwa hiyo picha safi isikurudishe barabarani ikiwa bado unaumwa.

Raba za mitumba za Kongowea zafaa, ila ikunje kwanza. Ikikunjika katikati kama kandambili, irudishe. Nzuri hukunjika kwenye vidole. Kimbia baada ya alfajiri kabla jua halijapanda, na usizoee mchanga wa ufukweni peke yake, maana gwaride hupigwa kwenye ardhi ngumu. Mafunzo ya makuruta ni Eldoret, kiasi cha mita 2,100 juu ya bahari. Aliyekulia Likoni atahema wiki mbili tatu za mwanzo na usiku atatetemeka kwa baridi. Ukijua hivyo hutadhani umeugua.

Fatma au Fatuma?

*Kitambulisho changu kimeandikwa Fatma, cheti cha KCSE Fatuma. Je, nitarudishwa? F., Changamwe*

Unaweza kurudishwa, kwa sababu afisa aliye mezani hana njia ya kujua kuwa ni mtu mmoja. Kwetu tatizo hili ni la kila siku: Mohamed na Mohammed, Khadija na Hadija, jina la babu lililoachwa. Panga vyeti vyote mezani, cha kuzaliwa, cha shule, kitambulisho, uvisome herufi kwa herufi leo hii. Tofauti ya herufi moja, nenda kwa wakili au kamishna wa viapo uape hati ya kiapo kwamba majina yote ni yako. Jina zima likiwa tofauti, itabidi kulirekebisha kwenye ofisi iliyotoa cheti, nako huchukua miezi. Siku ya usajili beba vyeti asilia pamoja na nakala.

Mtu wa "kusaidia"

*Jirani asema ana mtu ndani, tutoe pesa binti yangu apewe barua ya kuitwa. Mama wa Kisauni*

Mama, usitoe. Usajili wa KDF ni bure. Wanaofika Eldoret na barua bandia hukamatwa pale pale langoni, na kwa Sheria ya Hongo ya 2016 anayetoa ana kosa sawa na anayepokea. Na ikiwa "mtu" huyo ataomba mwili badala ya pesa, Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 yamhusu. Hifadhi jumbe zake za simu, usizifute kwa aibu, upeleke taarifa kwenye dawati la jinsia la polisi.

Nina mtoto, nataka Jeshi la Wanamaji

*Mtoto wangu ana miezi minane. Nataka kuingia Wanamaji kwa kuwa kambi ni hapa Mtongwe, niwe karibu naye. Mama Kijana, Mtongwe*

Hesabu hiyo haitoki. Utaanza Eldoret, na baadaye jeshi ndilo litakalokupangia. Hata ukiwa mwanamaji waweza kupelekwa Manda, Lamu. Mtoto utamwachisha ziwa kabla ya kuondoka, na simu huenda usiwe nayo kwa muda mrefu. Mtu atakayemlea awe anajulikana kwa jina, awe na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na awe na fedha za matibabu mkononi. "Bibi yake yupo" haitoshi. Na ujue mimba hairuhusiwi siku ya usajili wala wakati wa mafunzo.

Jambo ambalo mabinti wengi hawaulizi ni hili: Sheria ya Ajira ya 2007, yenye haki za likizo na kufutwa kazi ambazo dada yako wa dukani anazo, kifungu cha 3 chasema haiwahusu wanajeshi. Katiba nayo, ibara ya 24(5), yaruhusu sheria iwapunguzie wanajeshi haki kadhaa, zikiwemo faragha, kukusanyika, na za kazi kama kugoma. Kuondoka bila ruhusa ni kosa la jinai. Uliza muda wa mkataba kabla ya kutia sahihi, si baada.

Maswali mafupi

*Nina B. Niende kuruta? S., Tudor*

Tazama kwanza nafasi za afisa kadeti. Hutaka B, pamoja na C+ katika Hisabati, Kiingereza na somo la sayansi, na mafunzo ni Lanet, Nakuru. Ukiingia kama kuruta utaanzia ngazi ya chini kabisa. Wanawake wamefika ngazi za juu: Meja Jenerali Fatuma Ahmed aliteuliwa 2024 kuongoza Jeshi la Anga.

*Nimetiwa hina na piko arusini. Kuna tatizo? Z., Majengo*

Mwili wako utakaguliwa, na chale za kudumu huleta matatizo. Usimpe mkaguzi kazi ya kubahatisha kama ni hina au si hina. Mwezi wa usajili nenda arusini na mikono mitupu.