Usiiache diazepamu ghafla
Dada, kama umekuwa ukimeza diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi, kila usiku kwa miezi, usiache ghafla kama unavyopanga. Ubongo umeshazoea kutulizwa. Ukiikata mara moja unaweza kuanguka kifafa, na hicho kinaweza kuua. Rudi kwa daktari akupangie kupunguza, mara nyingi asilimia 5 hadi 10 ya dozi kila wiki 2 hadi 4. Kumeza leo na kuruka kesho si kupunguza, unauyumbisha mwili tu. Mikono ikianza kutetemeka au usingizi ukikata, mwambie daktari, mbaki kwenye dozi hiyo kwanza, hakuna mashindano. Pombe usiguse (wengi huikimbilia ili walale). Ukiona vitu visivyokuwepo au mwili ukikakamaa, hospitali saa hiyohiyo.