Jiki na siki visikutane kwenye droo ya mashine

Dada, hiyo chupa ya siki irudishe kabatini kwanza, ndipo tuongee. Umeandika kwamba droo ya sabuni ya mashine yako ya kufulia imeota ukungu mweusi, maji yanavuja kwa mbele, hujui uendelee na sabuni ya unga au uhamie ya maji, na kwamba kesho utamwaga jiki, uiache nusu saa, halafu uongeze siki "ing'oe kabisa". Mengine yangoje. Hapo kwenye siki ndipo nilipopita mimi, na nilipita na mtoto.

Ilikuwa Jumamosi, nyumba ya kupanga huku Naalya, Kampala, bafu dogo lenye kidirisha kimoja ambacho nilikuwa nimekifunga kwa sababu ya mvua. Droo ilikuwa kama yako: unga wa sabuni umegandamana kama posho (ugali) iliyolala, chini yake utelezi mweusi. Nikamwaga jiki, nikasugua, nikasubiri. Kwenye kona weusi ukabaki. Nikakumbuka maneno ya fundi aliyeniunganishia mashine: "Jiki ikishindwa, mama, ongeza siki, zitasaidiana." Nikamimina kikombe kizima.

Harufu iliyotoka haikuwa ile ya jiki tuliyoizoea. Macho yalichoma, koo likabana. Nikadhani itapita, nikainama nimalizie kupangusa. Sikujua kwamba gesi iliyotoka pale, klorini, ni nzito kuliko hewa, inatulia chini, na binti yangu wa miaka 4 alikuwa amechuchumaa mlangoni akinitazama. Yeye ndiye aliyeanza kukohoa, kikohozi kisichompa nafasi ya kuvuta pumzi. Nilimbeba mbio mpaka nje kwenye mvua, jirani akatusimamishia bodaboda. Kiliniki walimwekea oksijeni na kutushikilia mpaka usiku. Nililipa shilingi 340,000, pesa ya karo yote iliyokuwa kwenye simu. Mimi kifua kiliniuma wiki mbili. Yeye, namshukuru Mungu, alipona, lakini mpaka leo akiona chupa ya jiki anatoka chumbani.

Nilimpigia yule fundi. Unajua alinijibu nini? "Labda uliweka nyingi." Nyingi! Mtu anaingia nyumba za watu, anaaminiwa, anafundisha akina mama kutengeneza sumu bafuni, halafu tatizo ni kipimo! Hakuna kipimo salama. Jiki ikikutana na asidi inatoa klorini, gesi ile ile Wajerumani waliyowafungulia askari kule Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Siki ni asidi. Ndimu ni asidi. Dawa za kung'arisha sinki la choo nyingi ni asidi kali kuliko zote hizo. Na hiyo nusu saa yako haikusaidii kitu, maana droo ina mifereji na vipembe, na nyuma yake kuna bomba linaloshuka mpaka kwenye ngoma. Jiki inabaki humo ikisubiri.

Kwa hiyo kwangu sheria ni moja: dawa moja tu, au maji na sabuni ya vyombo. Na nikwambie, maji na sabuni yanatosha. Vuta droo mpaka mwisho, bonyeza kile kiulimi katikati, itatoka yote. Ng'oa na kile kifuniko kidogo cha sehemu ya kulainisha nguo, yenye alama ya ua, maana utelezi mwingi umejificha chini yake. Loweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu saa nzima, sugua kwa mswaki wa zamani. Halafu, na hapa wengi wanasahau, ingiza mswaki kwenye tundu ilikotoka droo, usugue dari yake. Pale juu kuna vitundu vinavyomwaga maji; vikiziba, maji hayapiti njia yake, ndiyo hayo unayoyaona mbele. Mimi nilikuwa nafua jioni, maji ya bomba yanakuja kwa kusuasua, unga hausukumwi ukaisha. Siku hizi nafua alfajiri, na nikimaliza naiacha droo wazi ikauke.

Kama leo tayari umemwaga jiki, usiguse asidi yoyote. Suuza droo kwa maji mengi, uirudishe, endesha mashine tupu mara mbili bila kuweka chochote. Na ukisikia harufu inayochoma macho, usiiname kuangalia, usipanguse. Chukua watoto, tokeni nje, mlango uache wazi. Kifua kikibana, nendeni kiliniki na useme wazi umechanganya nini.

Nijibu hapa ukishairudisha hiyo siki kabatini, dada. Nasubiri.