Mkuu usiguse hiyo linki! Kimo cha gari la upepo hakipimwi kwenye madigadi

Mkuu, mpigie huyo fundi sasa hivi umwambie Jumamosi asije. Mwambie umesafiri, mwambie una msiba, mwambie chochote. Nimesoma swali lako tonge liko mkononi na likabaki hapohapo mkononi.

Kwa wanaopita tu: jamaa ana basi la zamani kaligeuza gari la nyumba, lina springi za upepo mbele na nyuma. Kaliona limelala nyuma kushoto, kapima toka ukingo wa madigadi mpaka chini kakuta kushoto pamepungua sentimita 3, na fundi kamwambia atalegeza linki ya levo valvu (kile kifimbo cha valvu inayopanga kimo cha gari) apandishe kushoto palingane, akishamaliza aongeze inchi 2 pande zote ili lisiburuze kwenye njia ya kwake Ihumwa. Halafu kauliza kama kompresa yake inatosha na mambo ya friji ya sola. Haya, salamu zimeisha.

Hiyo picha nimeshaicheza, tena mimi ndo nilikuwa steringi. Wanasema steringi hafi, ni kweli sikufa, ila nililipa.

Basi langu nalo lilistaafu kubeba abiria, injini ipo nyuma. Tuling'oa viti, tukaweka vitanda, jiko la gesi, tangi la maji la lita 300 na kabati ambalo mama watoto alilichagua mwenyewe na mpaka leo haliruhusiwi kusemwa vibaya. Siku moja Agosti 2022 nimelipaki uwanjani, nikasogea nyuma kama hatua ishirini nalitazama kama mtu anavyotazama ng'ombe wake, nikaona limelala kushoto. Nikachukua futi, nikapima toka madigadi mpaka chini: kulia juu, kushoto chini, tofauti sentimita 4. Roho ikaniuma. Nikaita fundi.

Huyo fundi sasa. Alikuja na spana mbili na kujiamini kama kwa mbunge. Futi hakuwa nayo. Akaweka kiganja kati ya tairi na madigadi, upande huu viganja viwili na vidole, upande ule viganja viwili kasoro, akasema "bosi, limelala hili, valvu imechoka, nalinyanyua hapa hapa elfu thelathini". Mimi nikamwona mtaalamu, na si nilikuwa nimeshapima mwenyewe nikapata jibu lilelile? Watu wawili tumekosea kwa pamoja tukaona tumethibitisha. Akaingia chini bila stendi wala nini (hilo nalirudia hapo chini maana lingeweza kuwa kesi), akalegeza nati, akairefusha linki ya kushoto, basi likapumua tsssss likapanda. Tukapima madigadi, sawasawa kabisa. Nikafurahi. Hapo ndo akasema maneno ambayo na wewe umeambiwa neno kwa neno: "bosi, kwa barabara zetu hizi tuongeze inchi mbili kabisa". Na mimi nikasema ongeza! Nikampa na soda.

Sasa sikiliza kilichokuwa kimetokea, nilikuja kukijua baadaye sana. Basi langu halikuwa limelala. Springi zilikuwa sawa kabisa kama zilivyotoka kiwandani. Kilichokuwa kimekosewa ni MADIGADI. Enzi za kubeba abiria lilikwaruzwa ubavu wa kushoto, fundi bodi akaunda madigadi mpya kwa bati, akaishusha sentimita 4 kuliko ya kulia, akapiga rangi, maisha yakaendelea. Kwa hiyo mi nilichukua kimo kilichokuwa sahihi nikakiharibu ili kifanane na bati lililokosewa. Ni sawa na kukata mguu kwa sababu suruali imeshonwa fupi.

Hesabu: kushoto tulipandisha sentimita 4 za bure, halafu pande zote inchi 2, yaani sentimita 5. Kushoto jumla 9, kulia 5, katikati kwenye difu (gia za katikati ya matairi ya nyuma) wastani 7. Unasema saba tu. Ngoja. Basi lenye injini nyuma propela yake (shafti inayopeleka nguvu toka giaboksi mpaka difu) ni fupi, ya kwangu haifiki sentimita 80. Ukinyanyua chasisi (fremu ya gari) sentimita 7 juu ya ekseli (mhimili wa magurudumu), propela ya urefu huo inaongeza pembe ya nyuzi 5. Lori lenye propela ya mita mbili lingeongeza nyuzi 2 tu, ndo maana fundi aliyezoea malori hashtuki. Krosi (viungo vya ncha za propela) zinapenda pembe ndogo, ukizipinda zaidi ya zilivyopangiwa zinazunguka kwa kuruka ruka, zinatetema, zinapata moto, grisi inatoka, zinakufa. Na shokapu nazo urefu wake una mwisho, ukinyanyua gari zinabaki zimenyooka kama mtu anayening'inia kwenye kenchi, kila shimo zinavutwa ncha.

Dalili zote nilizipata na zote nilizipuuza. Gari likawa gumu. Likifika 70 linaanza mtetemo chini ya kitanda cha nyuma. Nikampigia fundi, akasema "hayo ni matairi bosi, kapige balansi". Nikapiga balansi, nikalipa, mtetemo uko palepale. Nikampigia tena akasema nitembee nalo litazoea. Litazoea! Mkuu, chuma hakizoei.

Tukaamua kumrudisha mama mkwe kwao Singida. Nisikilize, kama unataka gari likuharibikie, usiwe na mama mkwe ndani. Tumetoka Dodoma jioni, tumepita Bahi, barabara tambarare nikakanyaga kidogo, mtetemo ukaanza, vikombe vinalia kabatini. Mama mkwe kakaa kimya muda mrefu, halafu akasema kwa upole wake, "Baba, hii nyumba yenu mbona inatetemeka kama ina malaria?" Nikamwambia mama ni barabara. Barabara ya lami, mpya kuliko basi langu. Kabla ya Kintinku nikasikia mlio mmoja kama mtu kapiga pipa kwa nyundo, halafu milio mingi ya kuburuza, halafu geji ya upepo ikashuka mpaka chini na gari likajifunga breki lenyewe katikati ya njia.

Krosi ya upande wa difu ilikatika. Propela ikaanguka huku inazunguka, ikachapa bomba la upepo, na kwa magari haya breki za maegesho za nyuma zinakamatwa na springi, upepo ndo unaoziachia, kwa hiyo upepo ukiisha umefungwa, husukumi hata uwe na kijiji kizima. Ilipochapa ikavunja na flanji ya giaboksi, mafuta yakamwagika lamini. Namshukuru Mungu ilikuwa pale tambarare, maana mbele yetu ndo kulikuwa na mlima wa Saranda na sitaki hata kuwaza.

Tukalala pale. Ni mara ya kwanza nilifurahi kwamba gari lina vitanda. Mama mkwe alilala kwenye kitanda changu, mimi nililala kwenye usukani na aibu. Asubuhi mama watoto kapika wali wa Bahi barabarani, wapita njia wakadhani tumefungua mgahawa, mmoja akaulizia na supu.

Bili: bredauni 900,000. Krosi na propela 1,600,000. Giaboksi 2,400,000. Shokapu nne 1,120,000, maana mbili zilikuwa zinavuja na mbili zimeanza. Mabomba na ufundi 480,000. Jumla milioni 6 na laki 5. Kwa kazi ya elfu thelathini na soda. Fundi nikampigia akasema "kwani ulipakia nini bosi?" Nilipakia mama mkwe, kaka, ana kilo sitini!

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja ametengeneza mabasi miaka na miaka, sasa amepumzika anafuga kuku. Nikamweleza yote, ananisikiliza huku anarushia kuku mtama, nikamaliza, akauliza swali moja tu: "Mwanangu, mlipima wapi?" Nikasema madigadi mpaka chini, mzee. Akacheka mpaka kuku wakakimbia.

Na hii ndo kanuni yangu, nyingine zote unaweza kusahau: KIMO CHA GARI LA UPEPO KINAPIMWA KATI YA CHASISI NA EKSELI. Sio chini. Sio madigadi, bampa, mlango wala jicho lako. Kila mtengenezaji ana alama mbili zake, moja kwenye chasisi moja kwenye ekseli, au juu na chini ya baluni yenyewe (ndo hiyo springi ya upepo), na ana namba yake ya milimita na kiasi kidogo cha kuzidi au kupungua. Inapatikana kwenye kitabu cha chasisi, wakati mwingine ipo kwenye kibati. Namba ya gari langu siiandiki hapa makusudi maana kuna mtu ataikopi aiweke kwenye gari lake.

Uzuri wake ni kwamba levo valvu yenyewe ndo inapima hapohapo. Imefungwa kwenye chasisi, mkono wake umeshikwa na linki inayotoka kwenye ekseli. Ukipakia mzigo chasisi inashuka, mkono unasukumwa juu, valvu inaingiza upepo mpaka kimo kirudi. Ukirefusha linki unaidanganya valvu kwamba gari limeshuka. Vumbi lako la Ihumwa halimo kwenye hesabu hiyo, wala tairi lililopungua upepo, wala bati la fundi bodi. Ndo maana mtu akipima chini anapima vitu sita kwa pamoja halafu anarekebisha kimoja ambacho hakina kosa.

Kwa hiyo wewe kabla ya spana yoyote fanya hivi. Tafuta sakafu ya zege iliyolala sawa, sheli nyingi zina eneo zuri, omba tu. Kama huiamini, chukua ule mpira wa maji wa fundi mwashi, ndo pima maji ya kweli hiyo. Matairi yajazwe yanavyotakiwa. Washa injini mpaka kompresa ikate yenyewe, weka magogo matairini, achia hendibreki ili ekseli isibane. Weka stendi chini ya CHASISI kabla hujaingiza hata kichwa, maana baluni ikipasuka au bomba likichomoka gari linashuka palepale na halikusubiri utoke. Yule fundi wangu aliingia hivihivi na mi nikasimama namtazama nakunywa maji, nikikumbuka nasisimka. Halafu pima sehemu zote nne, andika kwenye karatasi, sio kichwani.

Namba zikiwa sawa na za kitabu, umemaliza, linki haiguswi, nenda kamlaumu fundi bodi. Zikiwa hazipo sawa, bado usiguse linki, angalia kwanza raba za vichwa vya linki kama zimelika, linki kama imepinda kwa jiwe, paka sabuni ya maji kwenye baluni na viungo uone mapovu. Mara nyingi ni hivyo vya bei ndogo. Na kama basi lako lina valvu mbili nyuma na moja mbele kama yalivyo mengi, mbele kukiinama upande mmoja kosa tafuta nyuma, maana mbele baluni zote mbili zinakula upepo mmoja, hazina uwezo wa kuinamisha zenyewe.

Ikibidi kweli kurekebisha, piga alama ya rangi pale linki ilipo kwanza ujue pa kurudi. Anza nyuma, mbele baadaye, kwa sababu ukigusa nyuma mbele nako kunabadilika. Sogeza milimita chache tu halafu SUBIRI, hizi valvu nyingine zimewekewa kuchelewa kwa makusudi zisipoteze upepo kila tuta, usiposubiri utazidisha, utarudisha, utazidisha, mpaka jua lizame. Ukizidisha shusha chini kabisa kisha pandisha tena kutokea chini. Kaza, zunguka nalo kidogo, rudi upime tena.

Na hizo inchi 2 za Ihumwa sahau. Unataka gari liwe juu, kanunue trekta. Kwenye mashimo punguza mwendo, basi. Kama gari lina swichi ya kulinyanyua kwa muda lipite kwenye kona ya shida, tumia hiyo kwa mwendo wa kobe kisha rudisha, hiyo waliipanga wenyewe.

Uliuliza na kompresa eeh, na friji. Kompresa sijui, yangu ni ileile ya injini, kama geji inajaa na haishuki usiku kucha shida yako iko wapi? Friji waulize wengine, sisi tunanunua barafu.

Kabla ya Jumamosi weka hapa picha ya linki zote mbili za nyuma na picha ya futi ikiwa kati ya chasisi na ekseli, kushoto na kulia. Kama huna futi mi ninayo, mpira wa maji ninao, stendi mbili ninazo. Ile krosi iliyokatika pia ninayo, inazuia mlango wa jikoni usipigwe na upepo wa Dodoma, na mama mkwe kila akija anairuka kwa adabu wala haulizi.