Pesa za misaada: maswali yenu ya wiki hii

Mengi yamejirudia, kwa hiyo mkiona nimejibu kwa mkato msininunie.

Kaka, ni kweli Marekani walikuwa wanatumia robo ya bajeti yao kusaidia nchi masikini? (Baba Neema, Mbeya)

Si kweli, ilikuwa kama asilimia 1 tu. Hata Wamarekani wenyewe wakiulizwa wanataja hiyo hiyo robo, sijui nani alianza kumdanganya mwenzie.

Msaada wa Uingereza kutoka 0.7 mpaka 0.3, hiyo ni asilimia ya nini? (Mwanafunzi, Dodoma)

Ya pato la taifa, SIO ya bajeti, hili nimeandika mpaka vidole vinauma. Lengo la 0.7 ni la Umoja wa Mataifa toka 1970, Uingereza wakalifikia 2013, 2015 wakalitungia sheria kabisa, 2021 wakashuka 0.5 kisingizio korona, halafu Februari 2025 waziri mkuu Starmer akatangaza 0.3 ifikapo 2027 ili hela iende jeshini, waziri wake wa misaada Anneliese Dodds akaachia ngazi. Ila hujauliza lenyewe: hata inayobaki haivuki bahari yote. Mwaka 2023 zaidi ya robo ya msaada wao ilitumika huko huko kwao kuhudumia wakimbizi na waomba hifadhi, hoteli zikiwemo, na kanuni za OECD, umoja wa nchi tajiri, zinaruhusu kuhesabu mwaka wa kwanza wa mtu. Yaani mwenye hoteli analipwa yeye, anayeandikwa kasaidiwa ni masikini. Na chakula cha msaada cha Marekani, sheria yao inataka angalau nusu kibebwe na meli zao, basi mkulima wao kauza, meli imelipwa, sisi tumebaki na kopo la mafuta lenye nembo ya mikono miwili tunachotea maji.

USAID imefungwa, ARV ndio basi? (Asiyetaka jina, Njombe)

Usiache dawa hata siku moja, nenda CTC yako, ile kliniki ya dawa za ukimwi, kama kawaida. USAID, shirika la misaada la Marekani, ilifungwa rasmi 1 Julai 2025, lakini hela za Marekani za ukimwi zilikuwa za PEPFAR, mpango wa Bush wa 2003, na huo haukufutwa, umekatwakatwa. Walioanza kuumia ni watumishi. Binamu yangu alikuwa anaingiza data kliniki moja, mwisho wa Januari 2025 kapata meseji ya mistari miwili, kesho usije, mafaili ya wagonjwa kayaacha mezani na rula juu yake. Namlaumu Trump aliyekata hizo hela ndio, ila marais wetu walikaa Abuja 2001 wakaahidi asilimia 15 ya bajeti iende afya, waliotimiza unawahesabu kwa vidole, na hela ya mashangingi haijawahi kukosekana.

Kuna grupu la WhatsApp wazungu wanajengea watu nyumba, fomu elfu 30, nijiunge? (Mwanza)

Mara ya tano hii swali hili! Msaada wa serikali za nje unapitia serikali na mashirika, haumfuati mtu mmoja mmoja kwenye simu. Hiyo elfu 30 kanunue bati hata moja, na kama umeshaingia kwenye grupu jitoe leo, usingoje wakudai hela ya "awamu ya pili", mama mmoja wa Tanga aliyeniandikia yeye keshalipa mpaka ya nne.