Dafu la Kwanza Baada ya Miaka Sita

Jumamosi iliyopita nilipanda ngazi fupi, nikaangua dafu la kwanza la mnazi nilioupanda kwa mikono yangu huku Mwakirunge, Mombasa, nikalikata kichwa kwa panga na kulinywa nimesimama, maji yakinichuruzika hadi kifuani. Kisha nikachonga kijiko kwa kipande cha kumbi lake na kukomba nyama laini ya ndani. Mke wangu alisema kwamba madafu ya soko la Kongowea ni matamu zaidi. Huenda ni kweli, lakini hayo ya Kongowea sikuyangoja tangu mwaka 2019.

Kwa miaka 14 nilikuwa karani wa kampuni moja ya uwakala wa forodha karibu na bandari ya Kilindini, na kila kitu katika kazi ile kilipimwa kwa saa: kontena likichelewa kutolewa, gharama zinapanda, mteja anapiga simu, mkubwa anapiga meza. Treni ya mizigo ya SGR ilipoanza kazi mwaka 2018, makontena mengi yakawa yanapitiliza kwenda Nairobi, na baada ya miezi kadhaa nikapokea barua ya kunishukuru kwa utumishi wangu. Mistari minne kwa miaka 14! Husema nimesamehe; hata hivyo, barua ile ningali nayo sandukuni.

Nilihamia kwenye ekari mbili alizoniachia mama, na papara ya bandarini nikahama nayo. Desemba ile ile nilipanda miche 30 ya minazi, mvua za vuli zimekwisha na kaskazi inavuma, kwa sababu sikutaka kupoteza miezi kungoja masika. Kufikia Februari ilibaki mitano. Nikapanda tena mwezi wa Mei, mvua ikinyesha, nikajiona nimeerevuka. Kumbe magogo ya minazi iliyokufa niliyoyaacha yaoze pembeni, pamoja na lundo la samadi, yalikuwa mazalio ya chonga, dudu anayetoboa minazi. Jirani yangu, mzee wa Kigiriama, aliyaona makuti machanga yamekatika kana kwamba yamepitiwa na mkasi. Akaomba waya, akaukunja ncha, akauingiza polepole katika kilele cha mche na kumvuta dudu mweusi mwenye pembe, mkubwa kama kidole gumba. Akaniwekea kiganjani na kusema, “Mwanangu, huyu ulimwalika mwenyewe.”

Miaka iliyofuata haina la kusimuliwa. Nilipalilia, nikauza mchicha na kunde, nikapalilia tena.

Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, na nazi nimeila tangu nikiwa mtoto, lakini nilijua dafu na nazi tu. Upunga ulipochanua ndipo nilipoanza kuyaishi majina ya hatua za kukua kwa nazi ambayo bibi yangu aliyataja bila kufikiri: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Safari hiyo huchukua takriban mwaka mzima, na sijui burudani iliyonipendeza zaidi ya kushika kikombe cha kahawa tungu na hamri la jana, kisha kwenda kutazama kama vidaka vya jana vimenenepa. Havikuwa vimenenepa. Nilirudi kesho yake vilevile.

Ninyi mnaoniandikia kwamba mnataka kuziacha ofisi za mjini, maana najua kila mmoja wenu ana ekari yake kichwani, anzeni na mchicha, kwa kuwa baada ya wiki nne unauza na moyo unatulia huku mnazi ukijikokota. Msipande kiangazi. Ondoeni magogo yanayooza. Halafu subirini, na nasema subirini kwa sababu wengi wenu mnaokuja kunitembelea hukaa chini ya mkorosho wangu mkitazama simu, mnauliza faida ya mwezi ni kiasi gani, na mnaondoka kabla chai haijaiva. Shamba halina meza ya kupigwa. Nililipigia kelele mwaka mzima na halikugeuka kunitazama.

Jana mkubwa wangu wa zamani alinipigia simu. Alikuwa amesikia kwamba ninauza madafu, naye alihitaji 50 kwa ajili ya arusi ya bintiye. Nikamweleza kwa adabu kwamba minazi yangu ndiyo kwanza inaanza kuzaa na yaliyopo karibu yote ni vidaka, hivyo ajaribu tena baada ya miezi mitano. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama hakuna njia ya kuharakisha.