Weka chini hiyo chupa ya alizeti

Mkuu uliyenunua wembe wa kunyolea wa kukunja na kipande cha ngozi ya ng'ombe cha kuunolea, ukauliza upana unaofaa, namna ya kupitisha wembe, na kama uilainishe ngozi kwa mafuta ya alizeti kwa kuwa Dodoma ni kukavu: usipake! Weka chupa chini kwanza, ndipo usome.

Mimi nilipaka. Ngozi yangu ilikuwa safi, upana sentimita 7. Aliyeniuzia akaniambia hapa kwetu ngozi bila mafuta itapasuka, niiloweshe mpaka ishibe, kisha niitundike juani. Mtu hajashika wembe wa kunyolea hata siku moja, halafu anakupa darasa kwa uhakika ule! Mpaka leo nina hasira naye. Nikamimina alizeti robo lita, nikaitundika barazani. Ilikuwa mwezi wa saba, na upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba mnaujua.

Alizeti haikauki kama maji. Ikikaa hewani inageuka ulimbo. Vumbi likaganda mle ndani, na chembe ya mchanga inakula chuma. Kwa macho huoni kitu. Nikapitisha wembe wa marehemu babu, wa Solingen, Ujerumani, mara 40 kama kawaida. Kuanza kunyoa shavu, haukati, unakwangua. Nikauangalia kwa lenzi: makali yamemeguka kama meno ya msumeno. Ikabidi nianze upya na jiwe la kunolea la namba 1000 (namba ikipanda, jiwe ni laini zaidi), nikapanda 5000, nikamalizia na 8000, Jumapili nzima. Na chuma cha babu kilicholika hakirudi tena. Hapo ndipo panaponiuma.

Ngozi nayo ikajikunja kingo kwa jua, katikati ikalegea. Ngozi iliyolegea inabonyea chini ya wembe na kuyapinda makali badala ya kuyanyoosha. Nikaitupa.

Kinachotakiwa ni kiganja. Kiganja tu! Nawa mikono, ikauke, kisha sugua ngozi kwa kiganja mara 20 au 30 kabla ya kila kunoa. Joto la mkono na yale mafuta kidogo ya mwili yanaitosha, na kiganja kitaigundua chembe ya mchanga kabla wembe haujaikuta. Ngozi yangu ya pili ina miaka 4 hapa Makole, Dodoma, kiangazi na masika, haijapasuka popote. Naitundika ndani ya kabati, imefunikwa kitambaa.

Kuhusu kupitisha, mgongo wa wembe utangulie, makali yafuate nyuma, ngozi imekazwa, mkono usikandamize. Ukifika mwisho, geuzia kwenye mgongo.

Kama umeshapaka, wembe usiuguse kwenye hiyo ngozi. Ipige picha mchana kwenye mwanga, uiweke hapa tuone kama bado inaokoleka.