Ukiulizwa watu, usihesabu fishi

Kwa miaka kadhaa nimeandaa ripoti za mwezi za kituo kidogo cha afya hapa Bukavu. Kosa moja bado linaniuma. Niliulizwa tumehudumia wagonjwa wangapi kwa kila komuni, Ibanda, Kadutu na Bagira, nami nikapeleka idadi ya fishi, yaani karatasi inayojazwa kila mgonjwa anapokuja. Mama wa Kadutu aliyerudi mara nne akawa watu wanne. Vyandarua vya msaada viligawanywa kwa kufuata ripoti ile, na watu wa Bagira, ambao kwa umbali wao huja mara moja tu, wakapunjwa.

Jedwali la pivoti la Excel, lile linalokusanya na kufupisha orodha ndefu, usipoliambia kitu, huhesabu mistari, au hujumlisha kama safu ni ya namba. Kuanzia toleo la 2013 kuna njia nyingine: unapolitengeneza, weka tiki kwenye kisanduku cha chini kinachoongeza data kwenye modeli ya data. Kisha weka komuni upande wa mistari, namba ya kadi upande wa thamani, na katika njia za kuhesabu teremka hadi ile ya mwisho, Distinct Count, inayohesabu kila namba mara moja. Ukisahau tiki hiyo, njia hiyo hutaiona. Anza jedwali upya. Kwenye Power BI, programu ya ripoti ya Microsoft, tumia fomula ya DISTINCTCOUNT, lakini nafasi tupu nayo huihesabu kama mtu mmoja. DISTINCTCOUNTNOBLANK huziacha.

Ukipanga kwa ugonjwa, jumla itakushtua. Tuseme malaria ni watu 30, homa ya matumbo 12, na jumla ya chini inasema 37. Ni sahihi: watano waliugua yote mawili, na kwenye jumla kila mmoja anahesabiwa mara moja. Nakuomba usiirekebishe kwa kalkuleta iwe 42. Andika sentensi moja chini ya jedwali, mkubwa wako ataelewa.

Kuhesabu kwa majina sikushauri hata kidogo. Wengi wetu tuna majina matatu, na karani wa leo anaanza na la ubatizo, wa kesho na la ukoo. Kompyuta inaona watu wawili. Hata namba ya kadi ina mitego yake: 0045 iliyoandikwa kama maandishi si sawa na 45. Sisi tulikubaliana tarakimu nne daima, na asiye na kadi anapewa namba mlangoni, kabla hata ya kupimwa joto.